Tableti Zote kwa Mara Moja

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya mfumo mpya. Umefanya kazi. Balaa!

Zamani, yaani mpaka Ijumaa iliyopita, mwalimu akitaka programu mpya kwenye tableti yake alikuja nayo hapa kwangu, chini ya ngazi, chumba kilichokuwa stoo ya mipira na bado kinanuka mipira. Alikaa. Programu ilijivuta kuingia. Tuliongea huku tukisubiri. Nilijua nani mtoto wake ana surua, nani hasemezani na mama mkwe, nani anatafuta kazi kwingine kimyakimya. Leo nimekaa kwenye kompyuta yangu, nikachagua programu ya ramani, nikaweka alama kwenye kikundi cha darasa la sita, nikabonyeza mara moja. Tableti zote za darasa la sita zikaipokea zikiwa hukohuko darasani. Sikuinuka. Hakuna aliyekuja.

Mwalimu Mkuu ameusifu mfumo mbele ya shule nzima. Amemshukuru mwalimu wa hesabu kwa kuupendekeza. Huyu tunamwita Kikokotoo, kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu kwa asilimia. Mimi niliyeziingiza tableti zote kwenye mfumo huo, moja baada ya nyingine, likizo nzima, sikutajwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini nani anamuuliza aliyeunda?

Halafu Mkuu akaongeza kwamba kuanzia leo asiende mtu kumsumbua fundi chumbani kwake. Alisema hivyo akinitazama kwa wema. Mama wa watu alidhani ananipa zawadi.

Saa nne nilichemsha chai kama kawaida. Maji ya vikombe viwili. Saa nne ndiyo saa ya mkutubi. Kila siku ya kazi, tangu aletwe shule hii, alivuka uwanja kutoka maktaba na tableti yake kifuani, akasema imegoma tena. Niliipokea, nikaishika, nikaiwasha, ikawaka. Mara moja tu! Fundi mwingine angetafuta bisibisi. Mimi mkono wangu unatosha. Kisha alikunywa chai kikombe kimoja, akanisimulia kitabu anachosoma mpaka pale alipofika, akarudi kazini kwake. Kuna kisa cha nahodha na mke wa kadhi ambacho mpaka leo sijui kiliishia wapi.

Leo hakuja. Kikombe cha pili nilikinywa mimi, nimekaa kwenye kiti chake ili kisipoe.

Nyumbani nako kimya. Mama alifariki mwaka jana na bado nakosea kipimo cha mchele. Nimekula cha kwangu. Nimekitazama cha pili.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wazo. Sijui lilikuwa wapi siku zote.

Drafti! Kuna programu ya drafti ya watu wawili, kila mtu na tableti yake, kupitia mtandao wa shule. Nimeituma kwa kikundi cha walimu kabla ya kengele ya kwanza. Nikaandika maelezo: zoezi la akili kwa watumishi. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Asiyeelewa sheria za mchezo atakuja kuniuliza. Anayeelewa atacheza na mimi. Nimetega pande zote mbili za njia.

Nikafungua mchezo. Nikajiandika "Fundi". Nikasubiri. Nikafuta vumbi kwenye kabati la kuchajia. Nikasubiri tena. Hatimaye mtu akaingia, amejiandika "Jirani".

Moyo ukanipiga. Jirani yangu ni nani? Maktaba inatazamana na dirisha langu! Nilicheza kwa heshima. Nilimwachia kete mbili kwa makusudi, kama ukarimu. Akazila. Nikamwachia ya tatu. Akaila, akapita mpaka mwisho wa ubao, akaanza kunifagia. Nikajiambia, huyu ni mwanamke anayejua anachotaka. Nilishindwa vibaya, na roho yangu ilikuwa nyeupe.

Mchana nikapita chumba cha walimu kutafuta waya wa umeme. Vicheko. Kikokotoo alikuwa ameinua tableti yake juu, anawaonyesha wenzake jinsi fundi alivyojimaliza mwenyewe. Aliniuliza, tena kwa upole, kama huwa nacheza kwa ajili yangu au kwa ajili ya adui. Nikauliza habari za "Jirani". Akasema darasa lake liko jirani na vyoo, hakuona jina lingine.

Walimu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote. Mbavu zinauma mpaka sasa.

Nimeifuta drafti. Kwa hasira nimeamuru ifutwe kwenye vifaa vyote vya shule, hata vile ambavyo haikuwahi kuwepo. Imenipoza kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Nimeona kwa macho yangu. Kikokotoo ameingia maktaba saa nne, saa yangu, na tableti mkononi!

Amekaa humo kipindi kizima. Nilisimama dirishani na kikombe mpaka chai ikafanya utando. Mwalimu wa hesabu ana shida gani na maktaba? Jibu ni moja tu: anamtengenezea mkutubi tableti. Mtu ambaye mwaka jana alichomeka chaja kwenye tundu la kusikilizia, akaja kunilaumu kwamba betri imekufa! Si wivu huu. Ni suala la taaluma. Naandika hivi na kalamu imetoboa karatasi kwa ajili ya taaluma.

Basi, mpango. Mfumo unaniruhusu kuifungia tableti ndani ya programu moja. Ukishaiamuru hivyo, inaonyesha programu hiyo tu. Hutoki humo, hata uizime na kuiwasha. Hutumika kwenye mitihani, watoto wasiende kuchungulia majibu kwingine. Nitaifungia tableti ya mkutubi. Kikokotoo atahangaika nayo, atatoka jasho, atashindwa. Mkutubi ataileta kwa mwenyewe. Mgonjwa humrudia mganga wake. Simdhuru mtu. Namkumbusha tu njia.

Programu niliyochagua ni "Sauti za Wanyama", ya watoto wa chekechea. Ukigusa mbuzi, analia. Ukigusa jogoo, anawika. Hata usipomgusa, jogoo huwika mwenyewe kila baada ya muda, mtoto asisinzie. Nilitaka kitu chenye uchangamfu.

Nimeitafuta tableti yake kwenye mfumo. Nimeiwekea alama. Nimeiamuru ijifunge kesho asubuhi. Nimepita dukani kununua biskuti, pakiti ile kubwa.

Alhamisi, 9 Mei

Jogoo. Jogoo kila mahali!

Juu kabisa ya mfumo kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa "Vifaa vyote". Alama niliyoweka humo Jumanne, wakati wa hasira zangu, ilikuwa bado ipo. Niliongeza alama ya mkutubi. Ya juu sikuiondoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nimeingia na shule nzima.

Na leo, kati ya siku zote, ilikuwa mtihani wa majaribio wa madarasa ya juu. Mtihani wenyewe umo ndani ya tableti. Kengele ikalia, watoto wakawasha, jogoo wakawika darasa zima. Kisha darasa linalofuata. Kisha ofisini kwa Mkuu. Mlinzi wa geti akaja mbio na fimbo akiuliza kuku wameingilia wapi.

Nilielewa hata kabla sijakaa. Nikafungua mfumo. Kitufe cha kutengua amri kilikuwa pale mbele yangu. Mara moja tu, shule nzima ingepona. Kidole kilikuwa kimeshafika.

Mlango ukagongwa.

Mwalimu wa sayansi, na tableti yake. Nyuma yake mwalimu wa lugha. Nyuma yao foleni mpaka juu ya ngazi! Nilisimama nikawatazama. Nilikuwa nimesahau jinsi chumba hiki kinavyokuwa na watu ndani.

Nikaondoa kidole. Nikamwambia wa kwanza karibu, keti. Nikaitengeneza tableti yake kwa mkono. Kisha ya pili. Moja moja, bila haraka. Nikabandika maji. Mwalimu wa sayansi akasema surua ya mtoto imepona, na mimi sikuwa na habari! Mwalimu wa lugha amepatana na mama mkwe. Nikafungua biskuti. Wasimamizi wa mtihani walikuwa wanapiga kelele huko juu, watoto wanaiga jogoo, na hapa chini watu wananisimulia wiki yao. Nilijua ninalofanya si sawa. Lakini sijawa na furaha ya namna ile tangu Mama alipokuwa hai, na sikutaka iishe.

Kila mara nilichungulia foleni. Mkutubi hakuwemo.

Mkuu akashuka mwenyewe, tableti inawika kwapani. Akauliza kwa nini nazitengeneza moja moja. Nikasema tatizo ni zito, kila tableti ina ugonjwa wake. Kikokotoo alikuwa nyuma yake. Akainama juu ya bega langu, akasoma kioo cha kompyuta, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza.

Kimya. Jogoo wote wa shule walinyamaza kwa pamoja. Watu wakachukua tableti zao, wakapanda ngazi. Mwalimu wa lugha alikuwa katikati ya habari ya harusi ya shemeji yake. Hakuimalizia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeitwa ofisini. Mkuu hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Amesema mtihani utarudiwa na wazazi wameanza kuuliza. Neno la siri la mfumo anapewa Kikokotoo. Mimi nabaki na kabati la kuchajia, nyaya na mtandao. Mwisho akaniuliza kama mambo ni sawa nyumbani. Nikasema sawa kabisa. Nilitazama kalenda yake ukutani mpaka akaniruhusu kwenda.

Kikokotoo alikuja kuchukua neno la siri. Nikampa. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, tableti ya mkutubi inaendeleaje siku hizi. Hakunielewa. Nikamwambia nimemwona akiingia maktaba. Akaangalia mlango, akashusha sauti, akakiri kwamba huwa anakwenda kulala nyuma ya rafu za kamusi, maana hakuna anayefika huko. Tableti ni ya kufunikia uso. Mtoto wao mchanga hawaachi walale nyumbani. Akaniomba nisimwambie Mkuu. Kidogo nimpende.

Saa nne sikuchemsha chai. Kwa nani? Mlango ukagongwa.

Mkutubi. Mikono mitupu! Neno la kwanza nililomwambia, badala ya karibu, lilikuwa tableti iko wapi. Akasema iko kwenye droo yake. Jana pia ilikuwa humo, jogoo akawika chini ya makaratasi mpaka akachoka. Nikauliza mbona hakuileta. Akakaa kwenye kiti chake. Akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia.

"Fundi, tableti yangu haijawahi kuharibika hata siku moja. Nilikuwa naizima nikifika mlangoni kwako."

Siku zote hizo! Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa naishika na kufumba macho kidogo. Nikamweleza kwa heshima kwamba huenda ilikuwa na hitilafu ambayo yeye haioni. Akasema haikuwa nayo. Akasema alikuwa anakuja kunywa chai na kuongea, basi. Maktaba ni kubwa na vitabu havirudishi salamu. Mkuu alipotangaza asiende mtu kwa fundi, kisingizio chake kikaisha, akaona haya kuja bila hicho. Akangoja niende mimi. Wiki nzima amengoja. Dirisha lake linatazama langu, na kila saa nne ananiona nimesimama na kikombe.

Akainuka.

"Mwaka mzima mimi ndiye ninayevuka uwanja huu. Jumatatu saa nne vuka wewe. Chai nitapika mimi."

Akaenda zake. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kukaa. Pia nimeumia kitaaluma. Hayo mawili yanagombana humu ndani tangu mchana.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumbani. Sikuongea na mtu mpaka jioni, nilipomwambia muuza duka asante. Sauti ilitoka inakwaruza, akadhani nina mafua. Akanipa pole. Nikaipokea.

Jumapili, 12 Mei

Dada yangu amepiga simu, kama kila Jumapili. Kwanza huuliza nimekula nini, halafu huuliza nimeongea na nani. Hilo la pili huwa linanipa taabu, mpaka nimewahi kumtaja mtangazaji wa redio. Leo nilikuwa na jibu. Nikamsimulia yote, jogoo na mwaliko. Nikasikia mikwaruzo, nikadhani mtandao unakatika. Kumbe alikuwa anafuta machozi, sijui ya kicheko au ya nini. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila mimi tangu utotoni nang'ang'ana kuinua kitanda. Akaniagiza shati safi. Akaniagiza nikate kucha.

"Na tafadhali, kaka yangu, usitengeneze kitu. Nenda hivyohivyo ulivyo."

Shati nimelipiga pasi. Kucha nimekata. Mpaka hapo niko pamoja naye.

Lakini dada yangu haijui kazi hii. Nimefikiri jioni yote, natembea kutoka jikoni hadi chumba cha Mama na kurudi. Karibu ni neno ambalo watu husema. Hata muuza duka husema karibu. Hata kinyozi. Itakuwaje kama hii nayo ni ya mdomoni, ya kumfariji mtu aliyetoka kukaripiwa? Nifike pale mlangoni, mikono inaning'inia, aniulize nimefuata nini. Nimjibu nini? Nimekufuata wewe? Ulimi utaanguka sakafuni. Fundi haingii mahali pasipo na hitilafu. Yeye mwenyewe, mwanamke mwenye akili zake, alihitaji kisingizio mwaka mzima. Mimi ni nani nisihitaji hata kimoja?

Mtandao bado ni wangu. Waya wa maktaba unaingia kwenye sanduku lililo juu ya meza yangu. Asubuhi nitauchomoa. Mtandao wake ukikatika, ataniita. Akiniita, nitavuka uwanja na bisibisi mkononi kama mtu mwenye haki ya kuvuka. Nikishafika, nikishatengeneza, chai itakuja yenyewe. Hata dada yangu hawezi kulalamika, kwa sababu sitengenezi kitu. Naharibu tu.

Jumatatu, 13 Mei

Shati safi. Waya umechomolewa. Bisibisi mfukoni.

Nimekaa na simu mbele yangu. Dirishani namwona mkutubi vizuri. Ametandika kitambaa kwenye meza ile ya mbele. Ameweka chupa ya chai. Ameweka vikombe viwili.

Viwili! Ana mgeni.

Basi, karibu yangu ilikuwa ya mdomoni, na hii ndiyo ya kweli. Nilijua. Nimeumia, siwezi kuficha. Lakini kazi ni kazi. Mtandao wake haupo, lazima aniite.

Saa nne. Haniiti. Pengine hajagundua. Anatazama mlango. Ameketi, ameinuka, amekisogeza kiti kimoja, amekirudisha. Ametoka mpaka barazani, akatazama upande huu. Nikampungia mkono kwa adabu, asije akadhani nachungulia. Naye akainua wake, akabaki ameuinua kwa muda, halafu akarudi ndani. Nimeona si ustaarabu kumwingilia wakati anangoja mtu. Hata akinipigia sasa hivi nitamwambia nina shughuli, wanywe kwanza chai yao.

Mgeni hajatokea. Mkutubi amejimiminia kikombe kimoja, anakunywa amesimama, dirisha amelipa mgongo. Nimemhurumia mno. Chai ya namna hiyo naijua mimi. Mtu gani huyu? Anaalikwa na mwanamke kama yule, anatandikiwa kitambaa, na hatokei! Hana hata haya ya kutuma salamu. Laiti angenialika mimi kwa moyo ule, ningevuka uwanja huu mbio, na njumu miguuni.

Kengele imelia. Amekunja kitambaa. Kikombe cha pili amekirudisha kabatini kikavu.

Simu haijalia siku nzima, na sasa nimeelewa nilipokosea. Yeye ni mtu wa vitabu, mtandao ukikatika hakosi kitu. Kesho nitamkatia umeme.